Barabara Kimya, Shemeji Hanyamazi

Watu waliokwenda likizo ya kuendesha gari nje ya nchi wana ugonjwa mmoja: wakirudi hawaishi kusifia barabara tupu. "Unakwenda saa nzima hukutani na mtu!" Sasa mtu mzima, mwenye ndugu na jamaa, anafurahiaje kutokutana na mtu?

Mimi nakaa Visiga. Barabara ya Morogoro iko karibu na kitanda changu kuliko jiko. Usiku kucha malori ya Zambia na Kongo yanakoroma, alfajiri mabasi ya mikoani yanapokezana honi, na mchana, ukitoka Maili Moja kwenda Mlandizi, ni bodaboda, tuta, trafiki na tochi yake, halafu faini ya shilingi 30,000. Kulalamika ni haki yangu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akanishawishi twende Namibia. Kule, akasema, wanaendesha kushoto kama sisi, nchi haipungui sana na yetu kwa ukubwa, lakini sensa yao ya 2023 iliwakuta milioni 3 tu. Yetu ya 2022 ilitukuta milioni 61 na ushee, na naapa nusu yao hupita mlangoni kwangu. Tukakodi pikapu Windhoek.

Raha ipo, nisiwe mchoyo. Barabara ya C14, kutoka Walvis Bay kwenda Solitaire, ni ya changarawe, na unaruhusiwa kilomita 100 kwa saa. Penye mti wamejenga meza na viti vya zege vya kupumzikia wasafiri. Nilikaa pale nikamenya chungwa hadi mwisho, na hakuna aliyenisogelea kuniuzia korosho. Nikajikuta namtafuta.

Shida ni kwamba Barabara ya Morogoro ina fadhila ambayo sikuwahi kuishukuru: haikubali mazungumzo yafike mwisho. Shemeji akianza, "Lile suala la mahari...", lori linatanua, wote tunapiga yowe, suala linakufa. Nimeoa Shinyanga, na nimekuwa nikiliua hivyo tangu harusi. Jangwani nani atanitanulia? Kilomita zaidi ya 200 hakuna mji wala kituo cha mafuta. Nilimwomba Mungu atokee hata trafiki mmoja mwenye njaa. Shemeji akazima redio.

"Shemeji, wale ng'ombe waliobaki..."

Tunateremka bonde la Kuiseb, bado tuko kwenye ng'ombe. Humo ndimo Wajerumani wawili, wanajiolojia Henno Martin na Hermann Korn, walimojificha zaidi ya miaka miwili wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakikwepa kutiwa kizuizini. Wanaowasimulia husifu walivyovumilia njaa na kiu. Mimi nina swali moja tu: kuna aliyekuwa amemwoa dada wa mwenzake?

Solitaire tulikuta pampu ya mafuta, magari chakavu yaliyoota kutu mchangani, na pai ya tufaha iliyopapatia sifa pahali penyewe. Niliagiza vipande viwili, kikubwa cha kumziba shemeji mdomo. Alikula, akajifuta, akakunjua ramani. Kumbe iko njia nyingine ya kurudia Windhoek, ya milimani.

"Hii magari ni haba zaidi, shemeji," akasema kwa upole. "Tutapata nafasi ya blanketi la bibi."