Muulize Bi Vema: Karatasi Kumi na Nne Mlangoni pa Friji

Mwezi wa kwanza huwa sipati barua za mapenzi. Wapenzi wote wako steshenari wanaprinti. Ratiba ya chakula, ratiba ya usafi, orodha ya kutiki kabla ya kulala, orodha ya kutiki baada ya kuamka. Zote zimepakuliwa bure mtandaoni, zimepakwa rangi ya waridi na kuzungushiwa majani ya mti nisioujua. Nimechagua barua tano. Nyingine zilikuwa zinauliza bei ya laminesheni, na hiyo si kazi yangu.

*Bi Vema, shikamoo. Nimeprinti karatasi 14 za kupangia nyumba nikazibandika mlangoni pa friji. Hii ni wiki ya tatu. Friji haionekani, nyumba iko vilevile, na mume wangu akitafuta maji ya baridi anafungua kabati la vyombo. Nimekosea wapi? — Mama Karatasi, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Picha ulizonitumia nimezisoma zote 14, kwa miwani. Ya tatu inakukumbusha kusafisha bomba la mashine ya kukaushia nguo. Ya tano inakutaka ukusanye majani yaliyopukutika mwezi wa kumi. Ya tisa imekuachia nafasi ya kupanga bata mzinga wa sikukuu ya shukrani. Sasa niambie, Tabata ipi hiyo? Karatasi hizo zilitengenezewa nyumba ya Marekani yenye gereji na chumba cha chini ya ardhi, na aliyezitengeneza hakuwahi kuota kwamba utazisoma wewe.

Hata vipimo vyake ni vya ugenini. Marekani huprinti kwenye karatasi ya milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297, nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Kwa hiyo Jumapili yako imeliwa upande wa kushoto, Jumamosi imeliwa upande wa kulia, na mapumziko ya familia yamebaki ndani ya printa. Siku nyingine mwambie kijana wa steshenari aipunguze iingie kwenye A4 kabla hajabonyeza.

Ila ugonjwa wenyewe uko kwenye ile karatasi ya manunuzi. Inakutaka Jumamosi uandike mboga za siku saba. Wewe mchicha unaununua gengeni saa kumi na moja jioni, fungu moja, na nyanya za kesho zitanunuliwa kesho kwa hela ya kesho. Mtu asikwambie huo ni uvivu. Mchicha wa Jumamosi hauoni Jumatano, hasa umeme ukikatika. Kinachokuangusha wewe ni vile vitu vinavyoisha kimyakimya: gesi, chumvi, kiberiti, sabuni ya unga, dawa ya mbu, LUKU. Orodha yako iwe ya hivyo, mistari kumi, basi. Na gesi usiiandike friji. Chukua makapeni, andika tarehe kwenye mtungi wenyewe siku unapoubadilisha. Ukishabadilisha mara tatu utajua mtungi wako unakaa siku ngapi, na hautakuaibisha tena wageni wakiwa mezani na wali ukiwa nusu mbichi.

Karatasi bora nyumbani kwako wala hukuiprinti. Ni kadi ya kliniki ya mtoto. BCG akizaliwa, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua akifika miezi 9 na tena miezi 18. Haina maua wala maneno ya kukutia moyo, na bado hujaipoteza. Ni kwa sababu kule kliniki yupo nesi atakayeiomba, na akikuta kisanduku kitupu atakutazama juu ya miwani mbele ya akina mama wote waliokaa kwenye benchi. Za friji haziombwi na mtu. Bandua 13. Inayobaki mpe mumeo akuulize kila Jumamosi, hata kama anauliza huku macho yake yako kwenye mpira.

*Bi Vema, mke wangu ameandika kazi zangu za nyumbani kwa wino mwekundu, akapiga laminesheni, akabandika sebuleni. Zamani alikuwa anasema tu, nikazoea. Jumapili mama mkwe alikuja, akasimama, akaisoma yote mpaka pale penye "Baba: kuosha choo". Mimi ni mhasibu. Na hebu tuongee kisomi: kuna ushahidi gani kwamba orodha iliwahi kumsaidia mtu? — Niliyeaibishwa, Mbezi*

Shemeji, pole. Umetaka usomi, ushahidi wenyewe uko mkoani Morogoro.

Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya upasuaji katika hospitali nane za nchi nane. Zilikuwemo hospitali za London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, New Delhi, Amman, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara hiihii ya mchele, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Ilikuwa karatasi moja yenye vipengele 19. Mgonjwa ndiye huyu? Tunapasua wapi? Dawa ya kuzuia maambukizi amepewa? Sindano na vitambaa vimehesabiwa vyote kabla hajatolewa chumbani? Ni mambo ambayo daktari yeyote angekwambia hawezi kuyasahau. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Ukizijumlisha hospitali zote nane, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wewe ni mhasibu, hiyo asilimia unaijua inamaanisha watu wangapi.

Sasa tazama walivyoitumia. Hawakuibandika ukutani wakaenda kunywa chai. Iliwekwa mtu wa kuisoma kwa sauti, wote wamesimama, kila mmoja ametaja jina lake na kazi yake, na kisu hakigusi ngozi mpaka jibu litoke. Tena ilikuwa fupi. Haikumwambia daktari namna ya kushona; hilo waliacha alijue mwenyewe.

Kwa hiyo unaposema zamani mkeo alikuwa anasema tu ukazoea, shemeji, huko ndiko kusoma kwa sauti. Msomaji alikuwepo. Wa kujibu ndiye aliyekuwa ameinamia simu.

Kuhusu mama mkwe, karatasi ihamieni jikoni, sebule ni ya wageni. Lakini usithubutu kuichana, maana atakaporudi ataulizia. Na kama utetezi wako ni kwamba laminesheni haishiki kalamu, nunueni makapeni ya ubao mweupe. Unatiki wiki nzima, Jumapili unafuta kwa kitambaa. Choo hakijui kama una CPA.

*Bi Vema, nilijaza karatasi ya bajeti ya nyumba yenye mistari 30. Kwa hesabu yangu nilitakiwa kubaki na 180,000 mwisho wa mwezi. Tarehe 12 nilikuwa nakopa unga kwa Mangi. Hela imepita wapi? — Bajeti Safi, Dodoma*

Mwanangu, nimeihesabu mistari yako. Upo wa chakula cha mbwa. Upo wa gym. Upo wa sinema. Haupo hata mmoja wa michango.

Yaani umeishi Dodoma na simu yako mwezi mzima bila kuongezwa kwenye kundi la kamati ya harusi? Bila kadi ya mchango, na chini yake bei ya single na bei ya double? Bila sare ya kitchen party, send-off ya binamu wa mwenzako wa ofisini, rambirambi, nauli ya kwenda kuzika na hela ya maji ya kunywa njiani? Karatasi ya wenzetu imeweka mstari mmoja unaoitwa "zawadi", katikati ya nguo na vitabu, kama vile ni jambo linalotokea Krismasi. Kwetu michango ni kodi ya nyumba ya pili. Iandike juu kabisa, kwa kiasi, na kikiisha jibu makundi kwa maneno mazuri.

Usikisie. Simu yako imekuandikia bajeti ya kweli bila kukuomba: fungua ujumbe wa miamala wa miezi mitatu, nakili kila kilichotoka na kilikwenda kwa nani. Itauma, halafu utaelewa. LUKU nayo uipe mstari wake, na humo ukumbuke kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa mlemle. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, andika uniti badala ya shilingi, kwa sababu ukihamishwa kundi bei ya uniti inapanda na karatasi ya shilingi haitakuonya mapema.

Umemtaja Mangi kama vile unaungama dhambi. Daftari lake la mikopo ndilo hesabu pekee za nyumba yako zinazokaguliwa kila siku na mtu wa nje. Mwombe ulipige picha.

*Shikamoo Bi Vema. Mimi ni dada wa kazi. Bosi ameprinti orodha ya kazi 43, kila moja natakiwa niitiki na niandike saa. Juu ya karatasi inaonekana kulikuwa na majina manne, matatu yamefunikwa wakati wa kutoa kopi. Nikiandika ukweli, kazi ya kwanza ni saa kumi na moja alfajiri, ya mwisho saa tano usiku. Jana ameniambia saa niache kuandika, nitiki tu. Nifanyeje? — Mwenye Kalamu, Mikocheni*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili sikucheka.

Hapo hujaandikiwa ratiba, umeandikiwa ushahidi, na aliyeuprinti ni bosi mwenyewe kwa wino wake. Ndiyo maana zile saa zimemwasha. Tiki inasema kazi imefanyika. Saa inasema imefanywa na nani, na alikuwa amelala saa ngapi. Hiyo karatasi ilipotoka mtandaoni ilikuwa na baba, mama na watoto wawili, kila mmoja na safu yake. Watatu wamefunikwa. Kazi zao hazikufunikwa pamoja nao, zimeteremkia kwako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Kila wiki una haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo, na kila mwaka likizo ya siku 28. Kinachozidi kina malipo yake. Dada wa kazi ni mfanyakazi. Sheria haikusema anayedeki aondolewe. Kwa ratiba yako, hata nikikutolea saa mbili kila siku za kula na kuvuta pumzi, saa 45 zinakwisha Jumatano usiku, na Alhamisi bado inakusubiri na kapu la nguo.

Nakushauri hivi. Usiende kumsomea sheria mezani wakati wageni wanakula. Utakuwa na haki na utakuwa huna pa kulala. Karatasi yake itiki kama alivyoagiza. Zile saa ziandike kwenye daftari lako mwenyewe, kila siku, na ukae nalo. Halafu siku ametulia, chukua karatasi na kalamu umuulize kwa upole: "Dada, kati ya hizi 43, zipi 10 zisipofanyika leo hutakasirika?" Atazionyesha. Utashangaa atakavyozionyesha haraka. Zikishakatwa hizo, omba kisanduku kimoja kiongezwe, kiandikwe Jumapili, kiachwe kitupu.

Na wewe bosi wa Mikocheni, najua unasoma, maana safu hii husomwa saluni. Ukitaka kujua kama orodha yako ni ya haki, ifuate mwenyewe Jumamosi moja, ukiandika saa. Kufikia kipengele cha 12 utakuwa umemwita mumeo. Kufikia cha 20 watoto watakuwa wamegundua wanajua kutandika vitanda. Zile safu tatu ulizofunika zitafunguka zenyewe.

*Bi Vema, nina steshenari. Januari wateja wanaprinti ratiba ya mwaka mzima, kurasa 52, wanataka na jalada. Februari siwaoni. Nifanyeje biashara itembee? — Mwenye Printa, Mbagala*

Acha kuuza mwaka, kaka. Uza wiki. Karatasi moja ya A4, nyeusi na nyeupe, kazi zisizozidi saba, na chini kabisa mstari mtupu wenye maneno haya: "Nani atauliza Jumamosi?" Atakayeujaza utamwona tena Jumatatu. Atakayeuacha wazi, huyo mpigie laminesheni, na umtoze bei ya rangi.