Kuwaka Nusu, Kuzima Nusu: Madhila ya Fundi wa Kipini

Miongoni mwa vipande vya elektroniki vinavyochomolewa katika vidude vibovu, chipu ya 555 ndiyo inayoleta majivuno mengi na moshi mwingi kwa bei ndogo. Chipu hiyo ya miguu minane, iliyobuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani na kuanza kuuzwa mwaka 1972, hupima muda. Nayo ikiunganishwa na rezista mbili, yaani vipande vinavyopunguza mkondo wa umeme, pamoja na kapasita, yaani kipande kinachohifadhi umeme, huwasha na kuzima taa pasipo kuguswa na mtu. Fundi wa Kipini anayeiunganisha kwa mara ya kwanza hufurahi kupindukia, mpaka atakapogundua kwamba taa inawaka muda mrefu kuliko inavyozima, na tangu hapo usingizi humpaa.

Sababu imo katika njia za umeme zenyewe. Kapasita hujazwa kupitia rezista zote mbili hadi theluthi mbili za volti za betri, kisha humwagwa kupitia rezista ya pili peke yake hadi theluthi moja, na kwa kuwa taa huwaka wakati wa kujaza, pande mbili hizo haziwezi kulingana. Watu wa Kipini, wanaoishi pale Mto Tana unapoingia katika Ghuba ya Ungwana, ambapo maji huchelewa kupwa kuliko kujaa kwa kuwa mto nao unamwaga ya kwake, wasingepaswa kushangaa, ijapokuwa chipu huchelewa upande wa kujaa. Rezista hizo zikiwa sawa, kuwaka huchukua takriban asilimia 67 ya muda wote.

Tiba ya kwanza ni kuipunguza rezista ya kwanza. Ikiwa ya omu 1,000 mbele ya mwenzake wa omu 100,000, kuwaka hushuka hadi asilimia 50.2, na mwenye akili iliyotulia angeishia hapo. Lakini fundi mwenye pupa huona kwamba, ikiwa kidogo ni bora, basi kutokuwepo kabisa ni bora zaidi, naye huiondoa na kuweka waya mtupu. Hapo mguu wa saba, ambao kazi yake ni kuumwaga umeme wa kapasita, hukutanishwa ana kwa ana na betri ya volti 12, na elimu inayopatikana humwingia fundi kwa njia ya pua.

Tiba ya pili ni diodi, yaani kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, ambayo huwekwa sambamba na rezista ya pili ili kujaza kupite katika rezista ya kwanza peke yake. Fundi asipoutazama vyema mstari uliochorwa kwenye ncha moja akaigeuza, taa huwaka mfululizo na kupepesa tu. Na hata akiipatia, diodi hula volti 0.65 hivi, kwa hiyo kuwaka hubaki karibu asilimia 53 kwa betri ya volti 12, na 58 kwa volti 5. Dawa ya moto ni moto: diodi ya pili ikifuatanishwa na rezista ya pili, hasara hulingana pande zote mbili.

Tiba ya tatu, iliyo safi kuliko zote, ni kuiongeza chipu ya 4013, ambayo hugeuza hali yake kila mara 555 inapoanza kuwaka upya, na kwa kuwa haijali yanayotokea katikati, hutoa nusu kamili. Tatizo ni kwamba agizo hilo hupitia vinywa vingi, kutoka Witu hadi njia panda ya Minjila na kuendelea hadi Mombasa, na kinachorudi ndani ya basi huwa 4017, chipu ya kuhesabu hadi kumi, inayofaa kupamba taa za harusi.

Usawa huo una mahali pake. Inveta, yaani mtambo wa kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240, ikipewa nusu zisizolingana, transfoma yake hupata moto na kunguruma. Mvuvi anayeagiza taa ya boya la jarife, kwa upande wake, hutaka iwake kidogo na izime sana ili betri ifike alfajiri. Taa yake ikihamishwa kutoka kati ya mguu wa tatu wa 555 na upande hasi wa betri, ikawekwa kati ya mguu huohuo na upande chanya, huwaka wakati kapasita inapomwagwa, yaani chini ya nusu daima, na kazi yote huwa ni kuhamisha waya mmoja, ingawa ni desturi ya mafundi kumtoza mteja gharama ya majaribio yote.