Umekabidhiwa Deli: Mwongozo wa Mvinyo wa Kunywea Juani

Hongera, ndugu yangu. Kwenye kikao cha mandari mmoja kapewa nyama, mwingine mkaa, wa tatu muziki, na wewe umepewa mvinyo na deli la kuupozea. Usiseme umepata kazi nyepesi. Nyama ikiungua hukwanguliwa ikaliwa, muziki ukizima watu hupiga makofi wakaimba wenyewe, lakini mvinyo uliopata moto hauna fundi. Mandari nzima umeibeba wewe mgongoni, kwa hiyo keti tupange.

Anza na kalenda, bei baadaye. Huku pwani mandari hushamiri kuanzia Desemba, shule zimefungwa na kaskazi inavuma, na ikifika saa nane mchana hata chini ya mwembe joto limepita nyuzi 30. Hapo ndipo vitabu vya mvinyo vya Ulaya vinapotuacha njiani. Vinasema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Chumba cha nani? Kauli hiyo ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, kabla ya mabomba ya kupasha joto kusambazwa kila chumba, na hapo nyuzi 16 hadi 18 zilikuwa ndilo joto la chumba chenyewe. Chumba cha Temeke mwezi wa pili kinachachusha uji kabla ya adhuhuri. Basi kanuni ya kwanza ni hii, na nyingine zote ni watoto wake: juani, kila mvinyo unaingia kwenye barafu. Mweupe, wa waridi, mwekundu, wote. Atakayekuambia mwekundu haupozwi, mpe glasi ya mwekundu aishike dakika kumi juani, kisha mwombe aimalize.

Ukishaikubali kanuni hiyo, duka zima linabadilika sura. Chupa ulizokuwa unazipita sasa zinakuita, na zile zilizokuwa zinakuita zinyamazishe, hasa ile chupa nzito yenye kitako kilichobonyea na picha ya kasri kwenye lebo. Hiyo ni ya mezani, usiku, feni ikizunguka.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja tulikwenda Kigamboni, na rafiki yangu akaleta Cabernet Sauvignon aliyoitunza miaka mitatu akisubiri siku ya maana. Ilikuwa na kilevi asilimia 14.5. Aliiacha kwenye buti la gari tangu asubuhi ili isitikisike mchangani. Tulipoitoa saa tisa, kizibo kilikuwa kimejisukuma juu na kuinua kile kifuniko cha bati, na mchirizi mwekundu umeshuka shingoni ukakaukia kwenye lebo, pale pale kwenye picha ya kasri. Alipoifungua ilinuka jamu iliyoungulia sufuriani. Alionja, akaiangalia glasi, akatumiminia wote bila kusema neno. Tukanywa kwa heshima yake, kisha mmoja mmoja tukahamia kwenye madafu. Gari lililofungwa vioo juani hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Mvinyo hutanuka, kizibo husukumwa, hewa huingia, na kinachobaki ni kama mchuzi uliopashwa mara tatu. Kwa hiyo mvinyo unasafiri ndani, karibu na abiria, ukiwa tayari umepoa na umefungiwa ndani ya deli.

Na hata kama rafiki yangu angeiweka kwenye barafu, isingesaidia. Mvinyo mwekundu mzito una ukakasi mwingi. Umewahi kula bibo ambalo halijaiva vizuri, ulimi ukawa kama umepakwa chaki? Ndio huo. Ukakasi hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na baridi huuzidisha. Ukiupoza mzito, unatafuna mvinyo badala ya kuunywa. Ukiuacha na joto, kilevi kinakupanda puani. Hauna pa kusimama chini ya jua, na kosa si lake.

Unachotafuta dukani, basi, ni vitu vitatu: kilevi cha asilimia 12.5 au pungufu, ugwadu wa kutosha, na ukakasi kidogo. Cha kwanza kimeandikwa kwenye lebo, mara nyingi kwa herufi za kuumiza macho, kwa hiyo nenda na miwani. Ugwadu ndio unaofanya mate yachuruzike kama umetajiwa ukwaju, na ndio uhai wa mvinyo wa juani. Ukikosekana, kinywaji kinalala mdomoni kama soda iliyokaa wazi. Kuhusu kifuniko, chukua cha kuzungusha bila kuona haya. Kizibo cha gome la mti kinahitaji kizibuo, na kizibuo ndicho kitu cha kwanza kusahaulika nyumbani. Nimeona kizibo kikisukumwa ndani ya chupa kwa mpini wa mwiko, na mashati mawili meupe yakaharibika.

Ukiniuliza jina moja tu, nakutajia Chenin Blanc. Kwao hasa ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini Afrika Kusini ndiyo iliyoipanda kwa wingi kuliko nchi yoyote, na kwa muda mrefu wakulima wa huko waliiita Steen. Huko Rasi ya Afrika Kusini mvinyo si jambo la jana. Tarehe 2 Februari 1659 Jan van Riebeeck, mkuu wa makazi ya Waholanzi huko, aliandika kwenye shajara yake kwamba siku hiyo zabibu za Rasi zilikamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza. Chenin ina ugwadu wa limau, nyuma yake kuna kitu kama pera au asali nyepesi, bei yake haiumizi, na inakaa na karibu kila kinachotoka kwenye kapu la mandari: kuku wa kuchoma, samaki wa kupaka, sambusa, hata chipsi zilizopoa.

Zao hilohilo la zabibu liko Dodoma, na hapa naomba uniazime sikio. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, miaka ya 1950. Nchi ya Wagogo ina mvua chache, ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mzabibu ukaikubali. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza usingizi kama Ulaya, mkulima anaupogoa na kuuamsha mwenyewe, na anavuna mara mbili kwa mwaka. Kuna zabibu nyekundu inayobeba jina la Makutupora, kaskazini ya mji, kilipo kituo cha utafiti wa zao hili. Tunazijua zabibu za Dodoma kupitia dirisha la basi, zimefungwa vifurushi, tunazila mpaka Morogoro. Mvinyo wake tumeuonea. Tumeuhukumu kwa ule mtamu wa kwenye kaunta, tukasahau kwamba upo mweupe mkavu, yaani usiobakiwa na sukari, na upo mwekundu mkavu ambao ukiupoza hadi nyuzi 14 hivi unakaa na mishikaki vizuri kabisa. Uliza tarehe ya chupa, chagua ya karibuni, na usinunue iliyopangwa dirishani ikipigwa jua. Ukiwa upande wa Kenya, bonde la Naivasha nalo lina mizabibu. Uliza hapo kabla hujatazama rafu ya kutoka ng'ambo.

Vingine vya kutupia jicho: Vinho Verde ya kaskazini magharibi ya Ureno, nyepesi, yenye vipovu kidogo na kilevi ambacho mara nyingi hakifiki asilimia 12. Mvinyo wa waridi wa Provence au wa Rasi, ule unaopata rangi kwa kulala na maganda mekundu saa chache tu. Na Beaujolais kwa asiyetaka kusikia habari ya mweupe. Zabibu yake, Gamay, ina ukakasi mdogo, inavumilia barafu.

Kuhusu chakula nitakuonya mambo mawili, mengine utayajua ukifika. La kwanza ni pilipili. Pilipili na kilevi vinawasha mlango uleule mdomoni, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 juu ya pilipili mbuzi ni mafuta ya taa juu ya moto. Kama wenzako ni watu wa pilipili, tafuta mvinyo wenye utamu kidogo na kilevi kidogo, sukari inapoza. La pili ni samaki na mwekundu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huleta ladha ya kulamba sarafu. Jodari wa kuchoma, changu, ngisi, vyote vipe mweupe au wa waridi. Mbuzi wa kuchoma ndiye wa kupewa mwekundu, kwa sababu mafuta na chumvi vinaulainisha ukakasi. Na usiisahau kachumbari: ndimu na nyanya zitaufanya mvinyo wowote usio na ugwadu uonekane maji.

Sasa tuje kwenye deli lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Barafu peke yake ni mvivu. Kati ya pande na pande kuna hewa, na chupa inaguswa hapa na pale tu. Mwaga maji mpaka yafike mabegani mwa chupa, tia viganja vitatu vya chumvi, koroga kwa mkono. Chumvi inayaruhusu maji kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda, na maji yanaikumbatia chupa pande zote. Izungushe shingoni mara kwa mara. Utaona lebo inaanza kulegea na kuteleza chini ya kidole. Hapo zimepita dakika 20, na mweupe uko tayari. Mwekundu mwepesi utoe baada ya dakika kumi. Kama barafu umeinunua kwa wauza samaki, na wengi wetu ndiko tunakoipata, basi hiyo ni ya nje ya chupa. Isiingie kwenye glasi ya mtu yeyote.

Chupa ikitoka kwenye maji, ifunge khanga iliyoloweshwa na uiweke kivulini upepo unapopita. Mtungi wa bibi ulipoza maji kwa njia hiyohiyo, kwa kutoa jasho. Khanga inafanya kazi ya pili pia: kuzuia mwanga. Mvinyo wa waridi hufungwa kwenye chupa isiyo na rangi ili uonekane unavyopendeza, na kupendeza huko ndiko kunakouponza. Jua likiupiga kwa muda unaanza kunuka kabichi iliyochemshwa. Usikubali mtu auweke juani apige picha nyingi. Picha moja, khanga irudi.

Mkiwa wengi, nunua wa boksi, ule wenye mfuko na bomba. Ulibuniwa Australia na Thomas Angove mwaka 1965, mfuko unasinyaa kadiri mnavyomimina na hewa haiingii, na watoto hawatakanyaga kioo mchangani. Glasi ziwe fupi na nene, zijazwe theluthi tu ili mvinyo usipate joto mkononi. Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi za taifa na fukwe tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo vikombe vya kutupa usivifungashe. Chukua vya bati.

Hesabu: chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Wanywaji kumi, chupa tano, wala usiongeze kwa kuogopa maneno. Pesa inayobaki inunulie maji, lita moja na nusu kwa kila mtu, kwa sababu kilevi hukausha mwili na jua hukausha mwili, na vyote viwili vikimkuta mtu mmoja saa tisa alasiri, saa kumi anabebwa. Anayeendesha hanywi. Anayetaka kuogelea anaogelea kwanza. Na wasiokunywa, ambao katika mandari zetu ni nusu au zaidi, uwapozee kitu kizuri kwenye deli lao wenyewe: juisi ya ukwaju, ya zabibu, madafu. Ukimletea shangazi soda ya moto huku wewe umeshika chupa inayotoka jasho, umemdharau. Mkiwa Unguja, kwenye ufukwe wa kijiji ambako watu wanapita kwenda msikitini, acha chupa zote nyumbani, mandari iende na madafu.

Weka chupa moja ya mwisho chini kabisa ya deli, uifiche hata kwa wenye kiu. Iwe Moscato d'Asti ya Italia, yenye kilevi cha asilimia 5 hivi, tamu na yenye vipovu vidogo. Itoe jua likishuka, embe limekatwa na wimbi limerudi nyuma, nusu glasi kwa kila mmoja. Ikiisha, maji ya deli yana chumvi, usimwagie mti wa mtu. Zima nayo mkaa, pande zote mpaka uache kufuka, ndipo mfungashe.