Jinsi ya Kumfunga Mdomo Mbea wa Ukutani

Kwanza umjue mbea wako, yaani mita ya umeme. Zima kila kitu ndani isipokuwa friji, kisha simama mbele ya mita uitazame ile taa ndogo nyekundu. Kama pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh, kila ikikonyeza mara moja umekula sehemu moja ya elfu ya uniti. Friji ya wati 100 ikinguruma, itakonyeza kila baada ya sekunde 36. Sasa chomeka pasi ya wati 1,000. Konyeza, konyeza, kila sekunde 3 na kidogo. Pasi ikishika moto, taa inatulia. Ikipoa, inaanza tena mbio. Umejua kuna shati linanyooshwa, na chumbani hujaingia.

LUKU, ile mita ya Tanzania ya kulipia kwanza kwa tokeni, mdomo wake mfupi: unaingiza tarakimu 20, na aliyekuuzia anajua umenunua lini na uniti ngapi, basi. Mita janja inatuma vipimo yenyewe kwa mtandao. Kwa hiyo fundi akija kuifunga, mkaribishe, mpe maji ya kunywa, halafu muulize kabla hajashuka ngazi: "Samahani fundi, hii inatuma vipimo kila baada ya muda gani?"

Muda huo ndio pazia lako. Kipimo kimoja kwa mwezi kinatosha kuandika ankara. Cha kila dakika 15 kinaonyesha mnaamka saa ngapi, lini mlisafiri, na usiku gani hamkulala kwa sababu mtoto anaumwa. Cha kila sekunde 2 ni balaa: mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba kinaweza kutambua hata filamu mnayotazama, kwa jinsi televisheni inavyong'aa na kufifia.

Ukiambiwa una wasiwasi wa bure, taja Uholanzi, ambako Seneti mwaka 2009 ilikataa watu walazimishwe kufungiwa mita hizi. Taja na Naperville, Illinois, huko Marekani. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilisema kukusanya vipimo vya kila dakika 15 ni upekuzi wa nyumba. Iliuruhusu, kwa kuuona wa haki, lakini iliuita upekuzi. Neno hilo linanigusa, maana nyumbani ndipo mtu anapovua viatu pamoja na ile sura aliyoshinda nayo mjini.

Usiizungushie mita foili ya kuchomea samaki, wala usiguse lakiri. Lakiri ikikatika ni kesi, na umeme hauna utani. Liandikie barua shirika la umeme. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019. Uliza wameweka nini chako na nani anakiona.

Na grupu la wapangaji likidai tokeni, andika zile tarakimu 20 peke yake. Picha ya risiti, yenye jina lako na namba ya mita, ibaki kwenye simu yako.