Sifa za Nyumba ya Marehemu

Washairi wetu wamesifu minazi, wachumba, kahawa chungu na marais wakiwa bado madarakani. Sijamwona aliyejitolea kuisifu nyumba ya urithi ambayo kesi yake ya mirathi haijaisha. Kazi hiyo naichukua mimi, tena bila malipo, kwa kuwa Ngara imejaa nyumba za namna hiyo na sijasikia hata moja ikishukuriwa.

Kuitambua si kazi. Ingia upande wa Park Road au Desai Road, penye magorofa mapya na maduka yaliyogawanywa vibanda hata muuzaji akipiga chafya jirani anapangusa bidhaa. Katikati ya msongamano huo utakuta nyumba ya chini, ya mawe ya kuchonga, vigae vimeota majani na kibaraza kimegeuzwa kinyozi. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Fundi alianza kwa madaha, herufi nene zenye nafasi ya kupumua, lakini alipofikia neno la mwisho ukuta ukamwishia, ikabidi ZWI ikate kona. Anayekuja kutoka upande wa pili husoma ZWI peke yake, na akiwa mkazi wa Nairobi haulizi maana yake.

Hapo ndipo sifa zake zinapoanza. Katika jiji hili hata nafasi ya kuegesha gari barabarani ina kijana anayejiita mwenyewe. Nyumba hii peke yake ndiyo inayokataa soko, tena kwa maandishi. Wageni hudhani tangazo hilo linawatisha matapeli wa mbali. Mara nyingi limeandikwa na mrithi mmoja kwa ajili ya mrithi mwenzake, na wote wawili walilala chumba kimoja utotoni.

Tuichukue moja kwa mfano. Ngara ilikuwa mtaa wa Wahindi enzi za mkoloni, Nairobi ilipogawanywa kwa rangi ya ngozi: Wazungu vilimani, Waafrika Pumwani na kwingineko upande wa mashariki, Wahindi Ngara, Pangani na Parklands. Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Machi 1968 Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango Waasia waliokuwa na pasipoti zake. Baina ya hapo watu walifunga virago na kuuza walichoweza. Tuseme mzee wetu, mfanyabiashara wa Kariokor, alinunua nyumba yake wakati huo, hofu ya muuzaji ikimpunguzia bei. Mazungumzo asubuhi, wakili mchana, funguo kabla ya wiki kwisha. Nyumba iliyobadilisha mikono kwa haraka kiasi hicho sasa haiuziki, na wajukuu wa mnunuzi wameanza kuota mvi.

Mzee alifariki bila wosia. Aandike wosia wa nini? Kwetu anayetaja wosia mezani huonekana anamharakisha mtu kaburini, kwa hiyo wazee wetu wenye busara huacha taito ndani ya sanduku la bati, ufunguo kwa mke wa kwanza, na maelezo kwa Mungu. Kutoka hapo nyumba huingia mikononi mwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Angalia subira ya sheria yenyewe: ilikaa miaka tisa ikingoja kurithiwa.

Ni nani mwingine, ila nyumba hii, aliyewahi kukupeleka kwa chifu ukiwa na dada zako wote? Barua ya chifu ya kufungulia kesi ya mirathi hutaja warithi mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo familia hujuana. Walioitwa ni saba. Siku ya barua wanakuja tisa. Kijana asiyejulikana ameketi kwenye benchi la nje, amevaa koti lililopigwa pasi vizuri, na masikio yake ni ya marehemu kabisa. Mama mkubwa, mjane wa marehemu, anamtazama mara moja, anashusha pumzi, kisha anamwambia msichana, “Mletee ndugu yako chai.” Ndoa ilikaa miaka arubaini bila kulitoboa jambo hilo. Nyumba imelitoboa kwa karatasi moja yenye mhuri.

Kisha majina ya marehemu na ya waombaji wa usimamizi yanachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Wengi wetu tutaishi na kufa bila Serikali kuchapisha jina letu kwa wema wowote. Marehemu analipata hilo akiwa amelala. Pasipotokea pingamizi, korti hutoa hati ya usimamizi. Hapo kaka mkubwa humpigia broka simu akiwa bado kwenye ngazi za korti ya Milimani. Masikini. Hati hiyo inamruhusu kukusanya mali, kulipa madeni na kuhifadhi nyumba. Kuuza ni suala jingine. Kifungu cha 82 kinakataza nyumba au ardhi ya marehemu kuuzwa kabla hati haijathibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho hauombwi mpaka miezi sita ipite. Miezi sita hiyo ni ya sheria. Ya familia ni mingine, na haina kalenda.

Nataka kuimba zaidi kuhusu elimu ya watu wazima inayotolewa na nyumba hii. Kaka ambaye maisha yake yote alisema “wasichana wameshaolewa” huketi mbele ya wakili na kuelezwa kwamba marehemu asiyeacha wosia hana watoto wa kiume na wa kike, ana watoto. Mwaka 2005, katika kesi ya familia ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba binti apunguziwe kwa kuwa huenda ataolewa. Nimeona wanaume waliosoma hadi chuo kikuu wakiipokea habari hiyo kana kwamba imetoka jana. Dada zao huwa wanaijua zamani. Wamekaa kimya tu, wakingoja isomwe na mtu mwenye kola.

Uzalishaji wa ajira wa nyumba hii hauna mfano. Wakili wa kila upande, mthamini wa mali, mpimaji, karani wa kuchapa viapo, mchoraji wa herufi nyekundu na broka wa Ngara ambaye ofisi yake ni kiti cha plastiki, wote wanakula hapo. Wapangaji nao wanafaidi. Kinyozi wa barazani amegundua kwamba palipo na wenye nyumba tisa hapana mwenye nyumba: anamlipa anayewahi kufika, na wengine anawaonyesha ujumbe wa M-Pesa. Reti za kaunti peke yake ndizo zisizojua msiba. Zinapanda na riba yake kila mwaka, huku warithi wakibishana ni nani alitakiwa kuzilipa.

Na hebu tuipe heshima yake kubwa kuliko zote: hakuna mali nyingine inayoweza kuuzwa mara tatu na ikabaki ilipo. Kaka mkubwa anachukua amana kwa mnunuzi wa kwanza na kumwandikia kwamba uhamisho utafanyika “korti ikimaliza.” Kaka mdogo, akihofia kuachwa, anachukua kwa wa pili. Binamu aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo anampata wa tatu, na huyo ndiye huja na mafundi wa kubomoa choo. Wanunuzi watatu wamelipa, nyumba haijasogea hata inchi moja, na kinyozi ananyoa. Kila mmoja amepunguziwa bei kwa sababu “karatasi bado kidogo,” na kila mmoja ametoka hapo akijiona mjanja kuwazidi warithi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema hati safi ya umiliki mkononi haitoshi, maana mnunuzi anapaswa kuchunguza ilikotoka. Sasa mwenye hati safi akiambiwa hivyo, huyu wetu mwenye karatasi ya daftari iliyotiwa saini kwenye kibanda cha chai ataambiwaje?

Wapo wanaoilaumu nyumba hii kwa kesi yake kuishi sana, nao hukutajia kesi maarufu. Mbiyu Koinange, waziri wa karibu wa Mzee Jomo Kenyatta, alifariki Septemba 1981, miezi miwili tu baada ya Sheria ya Urithi kuanza kutumika. Zaidi ya miongo mitatu baadaye wajane na watoto wake walikuwa bado kortini wakibishana juu ya nani ni mke, nani ni mtoto na nani achukue nini. Unaweza kuiita aibu. Mwenye kusifu huona tofauti: ni waziri gani mwingine wa wakati huo ambaye jina lake limeitwa mbele ya jaji mara nyingi hivyo?

Tena watunza mambo ya kale wangepaswa kuitunuku. Park Road Serikali imejenga magorofa ya nyumba za bei nafuu, na wawekezaji binafsi wanafuata nyuma yake na ramani za ghorofa kumi na kitu. Nyumba za mawe za zamani zinaanguka moja baada ya nyingine. Zinazobaki, ukichunguza, si kwa sababu mtu alipenda madirisha yake; ni kwa sababu warithi hawajapatana. Lakini nisitie chumvi. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ziko nyumba ambazo warithi waliongezeka kizazi baada ya kizazi mpaka hakuna mwenye hisa ya kutosha kununua mfuko wa chokaa, na mvua ikaamua kesi. Ugomvi huzuia tingatinga. Mvua hauizuii.

Mpaka hapa nimemsahau mama mkubwa, kama walivyomsahau wenzangu wote katika hadithi hii. Bado anaishi chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji. Miezi sita inayowakera wanawe, broka na wanunuzi watatu ndiyo inayomweka chini ya paa. Marehemu akiwa hakuacha wosia, mjane ana haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote, na hata yeye mwenyewe akitaka nyumba iuzwe apate matunzo, sheria inamtaka apate idhini ya korti. Ndugu walioapa kaburini kwamba hatakosa kitu walirudi mjini jioni ileile. Kati ya wote waliokuja msibani, aliyebaki kumlinda ni kifungu cha sheria kisichomjua hata jina, na uzembe wa masijala.

Kwa hiyo, bwana unayezunguka Ngara na bahasha ya amana, usimuulize kaka mkubwa kama karatasi ziko tayari. Mwombe nakala ya hati ya usimamizi iliyothibitishwa, nenda nayo Milimani uilinganishe na faili, soma majina yote ya warithi, kisha uulize mjane analala wapi ukishanunua. Ukijibiwa kwa hasira, nyumba imeshakujibu.

Na waheshimiwa wabunge mnaotafuta mswada wa kuleta, tazameni kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi. Anayeingilia mali ya marehemu bila idhini hupigwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shilingi elfu kumi, kwa nyumba ya Ngara! Kinyozi hulipa kodi zaidi ya hiyo. Ongezeni.