Ajenda ya Mengineyo

Msyuuu! Niacheni nisonye kwanza, maelezo yatafuata.

Kijiwe chetu kiko Magomeni, chini ya mwarobaini, katikati ya kinyozi na fundi simu. Tuna benchi mbili, bao moja lenye kete pungufu, na muuza kahawa anayepita akigonga vikombe. Hapa tumeshagawa ubingwa wa Simba na Yanga, tumeshaunda mabaraza ya mawaziri, tumeshasuluhisha ndoa ambazo wenyewe hawakutuomba. Lakini kuhudhuria kikao cha ofisi ya watu, tena bila barua ya mwaliko, hilo halikuwahi kutokea mpaka Jumanne iliyopita.

Ilikuwa hivi. Kuna kijana wetu, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka hapa, ambaye kazi zake anafanyia nyumbani. Saa nne kasoro dakika tano asubuhi umeme ukakatika mtaa mzima. Tukamwona anatoka mbio, juu shati jeupe na tai, chini bukta na kandambili. Akaketi pembeni ya benchi, akaegemeza simu kwenye birika la kahawa.

"Wazee wangu, shikamooni. Nina kikao, naombeni utulivu kidogo tu."

"Marahaba," akajibu Mwalimu, mstaafu wetu. "Kikao na nani, mbona umekaa peke yako?"

Kijana akachomeka hedifoni, akazichomoa, akazitikisa. Zimekufa. Basi tena, akafungulia spika, na sisi sote, pamoja na jogoo wa mama ntilie, tukawa wajumbe.

Robo saa ya kwanza ilikuwa ya kuulizana hali ya masikio. "Mnanisikia?" "Tunakusikia, hatukuoni." "Mimi nawaona, siwasikii." "Dada wa uhasibu, uko myuti." Dada wa uhasibu midomo inakwenda kama anasoma dua, sauti hakuna. "Dada, myuti!" Akafungua maiki, mara likaingia lori la mchanga. Bosi mwenyewe akatokea, nyuma yake amejiwekea picha ya ufukwe na minazi, sikio la kushoto likimezwa na mnazi kila akigeuka.

"Huyu bosi wenu ana sikio moja?" akauliza muuza kahawa.

"Afadhali yeye," akasema fundi simu bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Februari 2021 kule Texas, wakili alitokea mbele ya jaji akiwa na sura ya paka. Ikabidi amhakikishie mheshimiwa kuwa yeye ni mtu."

Zikaja salamu, na hapo ndipo Mwalimu alipoanza kukosa raha. Watu 12 walisema "shikamoo bosi" kwa mpigo, zikagongana, ikasikika "shika" na "moo" mbili tatu za wenye mtandao mzito. Bosi akaitikia "marahaba" katikati ya sentensi ya mtu mwingine. Fundi akatueleza kwamba sauti hukatwa vipande, hupitishwa kwenye kompyuta za mbali, kisha huungwa upande wa pili. Ikichelewa njiani hata nusu sekunde, zamu ya kusema imeshavurugika. Kwa hiyo mnaanza wote, mnanyamaza wote, mnaambizana "endelea wewe" wote.

"Salamu yetu ni ya kupokezana," Mwalimu akasema. "Mmoja anatoa, mwenzake anaipokea. Sasa mpokeaji akichelewa si itaanguka chini?" Kisha akanyoosha kidole kwenye simu. "Na yule nani, kiboksi cheusi pale chini?"

"Dereva wetu, mzee wa siku nyingi," kijana akanong'ona.

"Mbona hakuna aliyemwamkia?"

Hakuna aliyejibu. Ukumbini mzee huyo angepewa kiti cha mbele, au mtu angesimama ampishe. Kwenye viboksi hakuna wa kumpisha mwenzake. Na Mwalimu, ambaye amefundisha Kiswahili tangu sisi hatujaota meno, akatukumbusha kwamba neno kikao limetoka kwenye kukaa. Watu hukaa pamoja, ndipo wakawa na kikao. "Hawa hawajakaa. Wametawanyika."

Bosi akakohoa. "Jamani, washeni kamera wote. Nataka niwaone, nijue mpo."

Fundi simu akaweka bisibisi chini. Hilo lilimgusa, maana nusu ya riziki yake ni vocha.

"Hebu tupige hesabu. Zoom wenyewe, wenye programu hii ya vikao, wanaelekeza kuwa maongezi ya watu wawili, kwa picha nzuri ya kawaida, yanataka kilobiti 600 kwa sekunde za kupeleka na 600 za kupokea. Saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha, kisha gawa kwa 8, maana baiti moja ni biti 8. Unapata megabaiti 270 za kwenda na 270 za kurudi, jumla 540. Ukizima kamera ukabaki na sauti, ni kilobiti 60 hadi 80 tu. Saa nzima haifiki megabaiti 75."

Tukanyamaza. Hata jogoo alinyamaza.

"Kwa hiyo huyo bosi akisema 'washeni kamera'," kinyozi akauliza taratibu, "amesema maneno mawili..."

"Yenye uzito wa megabaiti zaidi ya 460 kwa saa. Kwa kila kichwa. Na bando si lake."

Msyuuu! Hiyo ndiyo sonyo niliyoanza nayo, sasa mmeijua asili yake.

Maana tusidanganyane, sisi wengine tumekula vikao. Kikao cha zamani kilikuwa na kitabu cha mahudhurio, chai ya maziwa, sambusa mbili na chapati, maji ya chupa, na mwisho unatia saini kwenye karatasi nyingine, ile karatasi tamu, unapokea bahasha. Posho ya kikao. Kuna watu walijenga msingi wa nyumba kwa posho, wakaezeka kwa semina. Sisemi ilikuwa sawa. Kodi za watu ziliishia kwenye sambusa. Lakini angalau aliyekuita ndiye aliyekugharimia. Alikupa kiti, feni, nauli na choo.

Leo mambo yamepinduka. Mfanyakazi ndiye anayeikaribisha ofisi kwake. Kiti chake, umeme wake wa LUKU, bando lake, sebule yake, na watoto anaowafungia chumbani wasilie. Ofisi imekuja kuishi kwake kama mgeni, na ni mgeni wa ajabu. Haji hata na kilo ya sukari, anakaa mpaka usiku, na anauliza kwa nini kuna kelele.

Sikatai, faida ipo. Sisi watu wa Magomeni tunaijua Jangwani mvua inaponyesha. Bonde linafurika, barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na mtu wa ofisini mjini anageuka mvuvi. Siku kama hiyo kikao cha kwenye simu ni rehema. Mama mwenye mtoto mchanga, mwenye mguu mbovu, wenzetu wa Mtwara na Kigoma waliokuwa wakisafiri siku nzima kuja kusikiliza muhtasari wa kikao kilichopita, wote wamepumua. Chombo hakina kosa. Hata kisu cha jikoni inategemea kakishika nani.

Fundi ndiye aliyetupa historia yake. Eric Yuan, Mchina aliyenyimwa viza ya Marekani mara 8, ya 9 akapata, ndiye aliyeanzisha Zoom mwaka 2011. Wazo lilimjia zamani, akiwa mwanafunzi huko kwao, akisafiri kwa treni muda wa saa 10 kwenda kumwona mchumba wake. Akawa anawaza, laiti ningekuwa na chombo cha kumwona bila safari.

"Loh!" muuza kahawa akapiga paja. "Kumbe kilitungwa kwa ajili ya mapenzi! Na nyie mnasomeana muhtasari!"

Kisha ikaja korona. Desemba 2019 washiriki wa vikao vya Zoom kwa siku walifika milioni 10. Aprili 2020 wakafika milioni 300. Dunia nzima ikajifunza kusema "uko myuti" kwa lugha zake.

Kikao kikaendelea. Taarifa ya miezi mitatu. Kijana wetu anatikisa kichwa kila baada ya sekunde kadhaa kama mjusi ukutani, aonekane yupo. Kinyozi, aliyekuwa amemwacha mteja na nusu ya ndevu, akamchungulia.

"Mwanangu, unamtazama bosi au unajitazama?"

Kijana akacheka kwa aibu. Alikuwa akijitazama.

"Nilijua! Mteja wangu akikaa mbele ya kioo nusu saa anaanza kuona kichwa kimepinda. Nyie mnakaa mbele ya kioo siku nzima, na kazi mnafanya humo humo?"

Nikamwambia kinyozi kuwa amewafikia maprofesa. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kwa nini vikao vya video vinachosha, akataja mambo manne. Nyuso za watu zinakuja karibu mno na zinakukodolea muda wote. Unajiona mwenyewe bila kupumzika. Huwezi kutembea, umefungwa kwenye fremu. Na akili inatumika zaidi kutuma na kusoma ishara ambazo ana kwa ana zingekuja zenyewe. Dawa ya hilo la pili ni rahisi, ficha picha yako usijione. Kijana akabonyeza, uso wake ukatoweka kwenye kioo chake, na mabega yakashuka papo hapo.

"Kinyozi hulipwa," akasema kinyozi, akarudi kwa mteja wake.

Hapo ndipo dada wa uhasibu, aliyekuwa amezima kamera, alipoiwasha tena kutii amri. Sebule yake hakutaka ionekane, kwa hiyo alikuwa ametundika khanga nyuma ya kiti, nyekundu, safi, imenyooka. Muuza kahawa, ambaye macho yake ni ya kipanga, akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu."

Kimya kilichofuata kilisikika mpaka kwetu. Bosi akauliza, kwa upole ule wa hatari, kama ujumbe huo unamhusu mtu yeyote kikaoni. Maskini, dada wa watu! Simu humwonyesha mtu picha yake kama kwenye kioo, maandishi yamegeuka kinyumenyume. Yeye aliona maua na michirizi tu. Wenzake 12 waliona waraka. Akaikwanyua khanga, na nyuma yake likatokea kabati la vyombo, friji, na mume mwenye fulana akinywa uji.

Picha ikaganda, mume kaachama, kijiko hewani.

"Mtandao," akasema kijana.

"Au baharini kuna jambo," akasema Mwalimu. Hakuwa anatania. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania nzima ikawa ya kudonadona. Sauti ya bosi wako inapita sakafu ya bahari ili ikuulize kwa nini umechelewa dakika mbili.

Mara hii ilikuwa bahari shwari. Picha ikarudi. Na Mwalimu, akiwa bado na kete mkononi, akatutolea jambo alilokuwa akilitunza. Agosti 2023 Zoom yenyewe iliwaita wafanyakazi wake wanaoishi ndani ya maili 50 kutoka ofisini, kama kilomita 80, warudi kazini angalau siku mbili kwa wiki.

"Mama ntilie kaenda kula kwa jirani," akasema, akasogeza kete.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Kijana alikuwa na kikaratasi mfukoni. Tulikiona. Ameandika kwa kalamu: *1. Bando. 2. Umeme. 3. Kamera iwe hiari.* Amekubaliana na wenzake wote, hata yule mzee dereva, kwamba yeye ndiye msemaji. Lakini jambo la namna hiyo huwezi kulipachika kwenye taarifa ya miezi mitatu. Lina mahali pake, nasi sote tunapajua: ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo.

Bosi alisoma, akafafanua alichosoma, akafafanua ufafanuzi. Hatimaye akasema, "Haya, tumefika mengineyo." Kijana akabonyeza, kikatokea kile kiganja cha njano cha kunyoosha mkono. Viganja vingine vinne vikamfuata.

"Nawaona, nawaona," akasema bosi. "Lakini kabla ya hapo, niwashukuru kwa moyo wa kujitolea mnaoendelea kuuonyesha, kwa sababu bila..."

Kioo kikawa cheusi.

Tulidhani bando. Si bando. Programu ile walikuwa wakiitumia kwa akaunti ya bure, na ya bure ina kipimo chake, dakika 40. Ofisi ya watu wazima, yenye gari na dereva, haikulipia hata kikao cha kuwakusanya wafanyakazi wake.

Hatukusonya. Kuna mambo ambayo sonyo haiyatoshi.

Baada ya muda simu ikalia. Ujumbe wa bosi ulisema kikao kimekuwa cha mafanikio, tukutane Jumanne ijayo saa nne, ajenda zilezile. Kijana akakunja kikaratasi chake, akakirudisha mfukoni, akalegeza tai.

Muuza kahawa akachukua birika lake lililokuwa limeshikilia simu, akamimina. Mwalimu akatoa sarafu, akachagua kashata kubwa kuliko zote kwenye sinia, akamwekea kijana kiganjani pamoja na kikombe.

"Shika, mwanangu. Posho ya kikao."