Injini Ishushwe

Gari likianza kuvuja oili, usimwambie fundi. Ukiweza kumnyamazia fundi, mnyamazie na shemeji, na jirani, na mlinzi wa getini, maana Dar es Salaam hii kila mwanamume aliyewahi kukaa siti ya mbele ya daladala ni fundi magari.

Langu ni Toyota IST, zile za kwanza kwanza zilizoanza kutoka Japani mwaka 2002, injini ya 1NZ. Limenifikia likiwa mtu mzima tayari, sikulilea mimi. Siku hizi za karibuni likaanza kunuka. Likiwa linakimbia hakuna shida. Likisimama tu kwenye foleni ya Mwenge, harufu ya oili iliyoungua inaingia ndani kupitia matundu ya kiyoyozi, na mke wangu anashusha kioo pole pole bila kusema neno. Kwenye ndoa, kioo kikishushwa namna hiyo ni hotuba.

Chanzo chenyewe hakina makuu. Injini hii ekzosi yake imekaa nyuma, upande tuliokaa sisi. Juu kuna mfuniko wa tapeti, na kati ya mfuniko na hedi kuna gasketi ya mpira, nyembamba, imezunguka pembeni yote. Mpira ukipigwa joto miaka yote hiyo unakakamaa, haubonyei tena, oili inapata upenyo. Inayoteremkia nyuma inaungulia kwenye ekzosi. Inayobaki inatambaa mpaka chini na kudondokea pevingi za mwenye nyumba, ambazo deni lake alikuwa hajalimaliza.

Mpira. Basi. Nilichotaka ni mtu mmoja tu anikubalie kwamba ni mpira.

Fundi wa kona alifungua boneti, akanyamaza kama daktari aliyeshika picha ya eksirei. Akaniambia niwashe. Akafungua kifuniko cha kuwekea oili, akaziba tundu kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii inapumua. Injini ishushwe."

"Ishushwe iende wapi?"

"Ringi zimechoka. Tuishushe, tuifungue yote, tuangalie."

Nikamuuliza kuangalia ni shilingi ngapi. Akataja. Kwa hela ile ningeangalia mechi zote za Simba na Yanga mpaka wanangu waoe, tena nikiwa nimekaa jukwaa kuu.

Shemeji yangu alikuwa na dawa fupi zaidi: "Shemeji, uza." Huyu hata pancha kwake ni sababu ya kuuza, na mnunuzi anayemfikiria namjua, analala naye chumba kimoja. Jirani, mstaafu, yeye alishauri niweke oili nzito, ile 20W-50, eti gari likizeeka linataka kitu kizito. Nilimheshimu kwa umri wake, lakini mpira uliokakamaa haujali uzito wa oili. Nyepesi itavuja leo, nzito itavuja kesho kutwa, na nzito ni hela yangu. Mlinzi akasema nipake silikoni kwa nje, nizungushie mfuniko mzima. Silikoni juu ya chuma chenye oili haishiki, inakaa siku chache inabanduka. Nilimwambia nitalifikiria.

Mtaa wa Gerezani, nilikokwenda kununua gasketi, ndiko nilikoona kwamba ugonjwa wa kukuza ugonjwa umeenea. Sijavuka hata barabara, winga ameshanishika mkono. "Bosi, spea gani? Nyumbani hapa." Nikamwonyesha picha kwenye simu. Tukaingia duka la kwanza, tukatoka, tukaingia la pili kupitia mlango wa nyuma wa la kwanza. Muuzaji akashusha boksi zito.

"Chukua seti nzima, bosi. Gasketi zote za injini zimo humu, mpaka ya hedi."

"Ya hedi yangu haina tatizo."

"Italeta."

Hapa niseme kidogo, maana watu wanatapeliwa. Gasketi ya hedi inakaa chini zaidi, kati ya bloku na hedi. Ikifa hiyo, maji na oili vinachanganyikana, gari linachemsha, na mtu akikwambia injini ifunguliwe msikilize. Ya mfuniko wa tapeti kazi yake ni kuzuia oili inayorushwa na mitambo ya juu isitoke nje. Zote zinaitwa gasketi, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Muuzaji alipoona sibabaiki akatoa za reja reja: ya Kichina, "orijino", na "orijino kabisa". Nikauliza tofauti ya hizi mbili za mwisho. Winga akajibu kwa niaba ya duka zima: "Hii inaingiliana na Probox na Raum." Sikuuliza tena. Nikachukua ya katikati, ile inayobonyea ukiiminya na kurudi, pamoja na kichupa kidogo cha silikoni.

Jumamosi, injini ikiwa ya baridi, nikaanza kazi chini ya mwarobaini. Karibu kila kitu pale juu ni boliti namba kumi. Unachomoa koili nne za plagi, kwa upole, maana vile vibano vya plastiki vya waya vimeshakuwa bisikuti. Boliti za mfuniko zikiisha, mfuniko hautoki, umegandia. Mlinzi akaniletea bisibisi nibanjue. Uso wa hedi ni alumini. Ukiuchubua kwa bisibisi umejitengenezea mfereji wa oili. Nikagonga pembeni kwa kipande cha ubao mpaka ukaachia. Gasketi ya zamani ilitoka vipande vipande, ngumu, inakatika ukiipinda. Mfereji wa mfuniko inamokaa gasketi nikausugua kwa mswaki na petroli. Mswaki wa nani, hilo ni suala la ndani ya familia.

Halafu nikatikisa vavu ndogo ya kutolea mvuke wa injini. Nzima hulia ndani, kach kach. Yangu ilikuwa kimya, imejaa uchafu. Ikiziba hii, mvuke unakosa pa kutokea, unasukuma oili popote penye udhaifu, na hata mpira mpya utavuja. Ndiyo maana injini ilikuwa "inapumua"! Wote wale walionishauri, hakuna aliyeitaja. Nikaisafisha mpaka ikalia.

Silikoni inatakiwa sehemu mbili tu, pale kava ya timingi cheni inapokutana na hedi, kitone kila upande. "Paka yote!" walipiga kelele, maana kufikia hapo mwarobaini ulikuwa na watazamaji. Ukipaka yote, inayozidi inaminyikia ndani, inakatika, inasafiri mpaka kwenye chujio la oili na kuliziba. Hapo sasa fundi wa kona angepata injini yake.

Kukaza nako kuna watu wake. "Kaza mpaka iseme," alisema mstaafu. Boliti hizi zinataka nyutoni mita 10, yaani ukiwa na spana ya urefu wa mita moja, unaning'iniza mfuko wa sukari wa kilo moja mwishoni, imetosha. Ukingoja iseme, itasema "tak" na kubaki nusu ndani ya hedi. Nikaanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, huku mstaafu akisonya.

Nikawasha. Pakavu. Ila oili ya zamani iliyoganda kwenye ekzosi haiondoki siku hiyo hiyo, lazima iungue iishe yenyewe, kwa hiyo moshi ukapanda na watazamaji wakafurahi sana. Fundi wa kona alipita jioni na kunipa pole. Shemeji akapiga simu kuuliza bei imeshuka mpaka ngapi.

Harufu ilipoisha hakuna aliyekuja kunipongeza. Aliyekuja ni mwenye nyumba, saa moja asubuhi, na kikoi chake. Akasimama juu ya doa nililolisugua kwa sabuni ya unga mpaka mikono ikababuka, akaligusa kwa ncha ya ndala, akanyamaza.

"Baba Neema," akasema, "mimi naona hizi pevingi zing'olewe zote, tuangalie chini."